Nozeli zimesafishwa, gari bado linamisi

Kwenye gereji za Mtwara mjini, Masasi na Lindi malalamiko haya yamezoeleka: nozeli zimetolewa, zimesafishwa kwa mashine, zimerudishwa, na gari bado linamisi, yaani silinda moja au zaidi haichomi mafuta sawasawa. Au limeacha kumisi lakini sasa linanuka petroli, harufu ambayo halikuja nayo. Lawama inakwenda kwa mashine ya kusafishia, au kwa nozeli zenyewe, na mwenye gari anaambiwa anunue seti nyingine. Mara nyingi nozeli haina kosa. Kosa liko milimita chache pembeni yake, kwenye oringi (ringi ya mpira ya kuzibia), wosha na kiti inapokalia.

Kila mtu anajua kuwa nozeli inanyunyiza mafuta. Ikishafungwa kwenye injini ina kazi ya pili isiyotajwa sana, nayo ni kuziba. Kinachozibwa hakilingani kati ya injini na injini. Nozeli ya IST inazuia petroli ya bar 3 isivuje kwa juu na hewa isiingie kwa chini. Ya Noah ya D-4, yenye kunyunyiza petroli moja kwa moja, imeingia hadi ndani ya silinda, kwa hiyo inazuia moto. Ya Land Cruiser hardtop yenye injini ya 1HZ inazuia mgandamizo wa dizeli kwa kukaa juu ya wosha ya chuma. Ya Hilux yenye injini ya dizeli ya 1KD inakalia wosha laini, huku ndani yake mkipita dizeli yenye mgandamizo unaoweza kuzidi bar 1,300. Fundi anayezirudisha zote nne kwa mazoea ya aina moja ataharibu tatu. Ukiwa umeshika nozeli mkononi, jiulize: hapa inapokaa, inazuia nini kisitoke na nini kisiingie?

Kabla ya kufungua

Sili, yaani oringi, mipira na wosha za kuzibia, ziwe mezani kabla bolti ya kwanza haijalegezwa. Ni jambo la kawaida kukuta duka lina nozeli nzima ya IST lakini halina oringi zake, na kipuri kutoka Kariakoo kinapanda basi usiku kije kufika kesho yake. Gari likishafunguliwa na mwenyewe anataka kuwahi Newala, oringi ya zamani inaanza kuonekana nzima ghafla. Hapo ndipo kazi inapoharibika, hata kabla spana haijashikwa. Msimu wa korosho ni mbaya zaidi, maana Hiace na Fuso hazilali na hakuna mwenye subira. Agiza seti ya silinda zote, na oringi moja au mbili za ziada kwa ajili ya ile itakayokatika wakati wa kuingiza.

Pili ni vumbi. Gari linaloshuka kutoka Tandahimba au Liwale linakuja na udongo umejaa kwenye kishimo cha kila nozeli, na sehemu ya udongo huo imegandishwa na mvuke wa oili. Ukivuta nozeli ilivyo, udongo unadondoka moja kwa moja kwenye njia ya hewa, au kwa dizeli, juu ya pistoni. Puliza kwa kompresa, sugua kwa brashi ndogo na mafuta ya taa, puliza tena, ndipo ufungue. Shimo likibaki wazi liwekee kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Pamba ya kufutia mikono haifai, kwa sababu unyuzi mmoja unatosha kuzuia oringi isikae.

Tatu, ondoa presha. Kwa petroli, chomoa rilei au soketi ya pampu (kwenye IST pampu iko chini ya kiti cha nyuma), washa injini iache izime yenyewe, piga stata tena kidogo, kisha toa waya hasi wa betri. Hata hapo bado petroli kidogo itatoka ukilegeza bomba, kwa hiyo kitambaa kiwe tayari, mtu wa kuchomelea asogezwe mbali na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Tahadhari za namna hii zinajulikana, lakini gereji nyingi zina uwanja mmoja kwa kazi zote, na cheche za grenda zinaruka mbali kuliko mtu anavyodhani.

Petroli ya kawaida: IST na wenzake

IST ya kizazi cha kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, inakuja na 2NZ-FE ya lita 1.3 au 1NZ-FE ya lita 1.5. Nozeli nne zimeshikwa na reli moja ya mafuta, yaani bomba linalozigawia petroli, na reli imefungwa kwenye hedi (kichwa cha injini). Kila nozeli ina oringi juu, inayoingia kwenye reli, na mpira mnene chini unaokaa kwenye tundu la hedi. Oringi ya juu inakutana na petroli ya kPa 304 hadi 343, yaani kama bar 3. Mpira wa chini hauzuii petroli yoyote. Unazuia hewa isinyonywe pembeni na unapunguza mtikisiko. Ndiyo maana dalili zake zinatofautiana: wa juu ukishindwa gari linanuka na linaweza kuungua, wa chini ukishindwa injini inapanda mzunguko, inatetemeka ikiwa imesimama, na inatulia ukikanyaga.

Kabla ya kurudisha, pima. Weka mita kwenye pini mbili za nozeli. Nozeli hizi huwa kati ya ohm 11 na 15 zikiwa za baridi, na la maana zaidi ni kwamba zote nne zikaribiane. Moja ikisoma 12 na nyingine 20, kusafisha hakutasaidia. Kwa uvujaji, Toyota kwenye injini nyingi za rika hili wanaruhusu tone moja tu kwa dakika 12 nozeli ikiwa imefungwa na presha ipo. Inayodondosha kila dakika ndiyo inayofanya gari liwe gumu kuwaka asubuhi na kutoa moshi mweusi wa mwanzo.

Nozeli inayosafishwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti lazima itolewe mipira na kale kachujio kadogo kalikoko kichwani kabla ya kuingia kwenye mashine. Mahali ambapo fundi ana haraka, vitu hivyo vinaingia pamoja na nozeli, na vinatoka vimechakaa huku vikionekana vimetakata. Kachujio kapya kawekwe kila mara. Petroli inayouzwa kwa vidumu na chupa huko vijijini inabeba mchanga na maji, na kachujio hako ndicho kizuizi cha mwisho.

Oringi yenyewe iwe ya kustahimili petroli. Rangi haithibitishi kitu, kwani kuna za kahawia na za kijani ambazo ni mpira wa kawaida uliotiwa rangi. Ukiwa na shaka, loweka moja kwenye petroli usiku kucha. Asubuhi ikiwa imevimba au imelegea, seti nzima itupe. Oringi ya bomba la maji yenye kipimo kilekile itakaa vizuri siku ya kwanza na kuvuja wiki ya pili.

Sasa kuingiza. Paka oringi tone la petroli au oili nyepesi, na oili ya cherehani inafaa kabisa. Usipake grisi nzito wala oili ya breki, na gundi ya gasketi usiiguse hata kidogo. Gundi hiyo ikikutana na petroli inalainika na kumeguka vipande, kisha vipande vinakwenda kuziba kachujio ulichokiweka sasa hivi. Shika nozeli wima, isukume ndani ya reli huku ukiizungusha kushoto na kulia. Usiigonge. Ikishaingia, izungushe kwa vidole: izunguke laini, kwa uzito uleule pande zote. Ikikwama mahali au ikizunguka kwa kuruka, oringi imejikunja. Itoe, na oringi hiyo usiirudishe hata kama huoni mkato. Jaribio hili linachukua sekunde tano kwa kila nozeli na ndilo linaloachwa mara nyingi kuliko yote.

Weka mipira mipya ya chini kwenye matundu ya hedi, hakikisha imekaa sawa bila ukingo kunyanyuka. Kisha zitafute spesa mbili, vipande vya kuachanisha, zinazokaa kati ya reli na hedi. Ni vitu vidogo, huganda chini ya reli wakati wa kutoa na kudondoka baadaye sakafuni bila mtu kuona. Reli ikifungwa bila spesa inakaa chini kuliko inavyotakiwa, inabana nozeli, na mpira wa chini unapondeka. Gari litawaka vizuri tu, na baada ya muda litaanza kunyonya hewa.

Shusha reli na nozeli zake zote kwa pamoja, soketi za waya zikiangalia nje. Funga bolti kwa vidole, kisha zungusha tena kila nozeli. Kama ilizunguka kwenye reli na sasa haizunguki, mpira wa chini umekaa upande, au reli imekaa mshazari. Zote zikizunguka, kaza bolti mbili kubwa kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, hadi Nm 19. Spana iliyoandikwa kwa kipimo cha zamani itasoma kama kgf·cm 194. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, reli inainuka upande wa pili na oringi ya nozeli ya huko inabaki imening'inia. Hakuna spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Tumia mpini mfupi na mkono mmoja, na ukumbuke kwamba hedi ni ya alumini: nyuzi zikitoka, gharama ya kuzitengeneza inapita ya nozeli.

Soketi za umeme zisukumwe hadi zilie. Kwenye magari haya plastiki ya kishikizo imekauka kwa joto, na kishikizo kikivunjika soketi inakaa bila kushika. Gari linamisi kwenye matuta tu, na fundi anaanza kutafuta plagi. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Mikindani au ufukweni Lindi, angalia ndani ya soketi: ukungu wa kijani kwenye pini ni kutu ya chumvi, na nozeli mpya haitaufuta. Angalia pia koili za plagi. Ziko hapohapo, soketi zake huchomolewa ili mkono upite, na moja isiyorudi vizuri inaleta misi inayosingiziwa nozeli.

Kupima kuvuja kuna mtego. Wengi wanawasha swichi, wanasubiri, hawaoni tone, wanafunga boneti. Kwenye Toyota nyingi za aina hii pampu haianzi kwa swichi peke yake, inaanza stata inapozungusha injini. Kwa hiyo hakukuwa na presha yoyote na hakuna kilichopimwa. Piga stata sekunde chache, au tumia skana (mashine ya kusoma kompyuta ya gari) kuamuru pampu ifanye kazi, kisha pitisha tochi kwenye kila nozeli na kwenye kiungo cha bomba la reli. Gusa kwa kitambaa kikavu, nusa. Injini ikishawaka, rudia. Ikishapata moto na kuzimwa, rudia mara ya tatu, kwa kuwa mpira unaovuja ukiwa wa baridi unaweza kuziba ukipata joto, na kinyume chake.

Kwa hewa, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya ukungu kwenye mguu wa kila nozeli injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, hapo panavuta. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta, ambayo inaonyesha haraka zaidi, lakini ni kioevu kinachowaka kwa urahisi kinanyunyiziwa juu ya injini ya moto, na maji yanafanya kazi hiyohiyo. Skana itathibitisha kwa kodi, yaani misimbo ya hitilafu: P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi, P0301 hadi P0304 inataja silinda inayomisi, na P0201 hadi P0204 inataja waya au koili ya nozeli husika. Ukipata P0171 mara tu baada ya kurudisha nozeli ambazo zamani hazikuwa na kodi hiyo, usinunue senza ya oksijeni. Rudi kwenye mipira ya chini.

Noah ya D-4

1AZ-FSE iliyo kwenye Noah na Voxy za mwanzoni mwa miaka ya 2000 inanyunyiza petroli ndani ya silinda yenyewe. Ncha ya nozeli imezungukwa na ringi nyembamba ya teflon, nyeupe au ya kahawia, ambayo ndiyo inayozuia moto. Ringi hiyo haivutwi kama oringi. Inapandishwa juu ya kifaa chenye umbo la koni, inatanuka, kisha inabanwa kwa mrija wa kipimo hadi irudi kwenye unene wake. Ikiingizwa ikiwa bado imetanuka, ukingo wa tundu unaikata kama kisu kinavyomenya muhogo, na hutaona chochote kwa juu. Huwekwa kavu, bila oili. Bisibisi na kucha haziruhusiwi hapo, na ringi iliyotoka hairudi. Kama gereji haina koni na mrija wa kubania, ni afadhali kazi hii ikapelekwa kwa mwenye navyo. Hakuna njia ya mkato ninayoweza kuisifu.

Dizeli ya pampu: 1HZ, 3L, 5L

Hizi ndizo zinazobeba watu na mizigo kusini, na ndizo zinazosamehe zaidi. Nozeli ina nyuzi na inajikaza yenyewe ndani ya hedi. Chini yake kuna kiti cha chuma chembamba kinachopokea joto, na juu yake gasketi. Vyote vinabadilishwa kila nozeli inapotoka.

Kosa kubwa ni la kuhesabu. Nozeli inatoka, kiti cha zamani kinabaki kimeganda chini ya shimo kwa masizi, fundi anaweka kipya juu yake. Sasa kuna viwili. Nozeli inakaa juu kuliko kawaida, mnyunyizo unabadilika, mgandamizo unapita pembeni, na injini inatoa moshi na mlio wa kupumua, “tsii-tsii”, unaofuata mzunguko. Hesabu vilivyotoka: nozeli sita za 1HZ, viti sita mkononi. Kikikosekana kimoja, kipo shimoni. Washa tochi, kitoe kwa waya mgumu uliokunjwa ncha, usikichokonoe kwa bisibisi, kwani mkwaruzo kwenye sakafu ya shimo ndio njia ya kuvuja ya baadaye. Kiti hicho kina upande wa juu na wa chini. Linganisha na kilivyotoka, au na maelekezo ya pakiti, na usifikirie kuwa ni wosha ya kawaida inayogeuzwa utakavyo.

Kaza kwa Nm 64. Watu wanaona chuma kizito na mpini mrefu, wanakaza hadi mwisho wa nguvu zao. Nozeli iliyokazwa kupita kiasi inajipinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, na sindano ya ndani inaanza kukwama. Inagonga, inatoa moshi mweusi, na ukiipeleka kwenye mashine ya kupimia inaonekana nzima, kwa sababu ikishalegezwa inarudi kwenye umbo lake. Hiki ndicho chanzo cha ule ubishi kati ya fundi wa gari na fundi wa nozeli, na wote wawili wanasema ukweli.

Bomba la marejesho linalopita juu ya nozeli lina wosha zake, nazo ni za kubadilisha. Hapa kuna desturi ya kuchoma wosha ya kopa hadi iwe nyekundu, kuitumbukiza majini, kisha kuirudisha. Ni kweli kopa inalainika upya ikichomwa. Kwa wosha ya marejesho, ambako presha ni ndogo, ni suluhisho la kufikia mjini. Kwa wosha inayozuia moto haifai: imekwisha kupungua unene, na alama ya duara ya kukazwa kwa mara ya kwanza haifutiki kwa moto.

Mwisho ni kutoa upepo. Piga pampu ya mkono kwenye kichungio cha dizeli hadi iwe ngumu, legeza nati za mabomba upande wa nozeli, piga stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Injini ikiwaka, pakaza maji ya sabuni kwenye mguu wa kila nozeli. Mapovu yanayodunda yanaonyesha kiti kisichokaa.

Dizeli ya reli: 1KD na 2KD

Ile ya kulegeza nati ili kutoa upepo isahau kabisa ukifika hapa. Kwenye Hilux ya Vigo, Prado ya 1KD na Hiace ya 2KD, ambako dizeli ya presha kubwa hukaa kwenye reli moja kabla ya kufika kwenye nozeli, bomba likilegezwa injini ikiwaka dizeli inatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Jeraha lake linaonekana kama tundu la sindano, na ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama haliumi. Zima, subiri presha ishuke, ndipo ufungue.

Nozeli za injini hizi zinapita katikati ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini), na mguu wake umefichwa chini ya mfuniko. Hilo ndilo linalofanya wosha mbovu iwe hatari kuliko kwenye 1HZ. Moto unaopita pembeni ya wosha hautoki nje ukaonekana. Unaingia kwenye oili. Masizi yanajikusanya kuwa donge jeusi la lami, yanashuka hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na yanaziba chujio la mnyonyo wa oili. Taa ya oili inawaka siku ambayo beringi zimekwisha kuanza kuliwa. Kwa hiyo 1KD inayoletwa na mlio wa kupumua, harufu ya moshi kwenye mdomo wa kujazia oili, na donge la lami kuzunguka nozeli, haimaliziwi kwa kubadilisha wosha. Sampu ishushwe na chujio likaguliwe. Mwenye gari atalalamika kuhusu gharama, na ni haki yake kuelezwa kwamba upande wa pili wa mizani kuna injini nzima.

Kiti ndani ya hedi ndicho kinachoamua kazi. Kikiwa na masizi, wosha mpya inakaa juu ya masizi. Ingiza kwanza kitambaa kidogo kilichopakwa grisi hadi chini ya tundu la ncha, ili kinase uchafu. Safisha kwa kifaa maalumu cha kukwangua viti, ukikizungusha kwa mkono na kwa wepesi. Lengo ni kuondoa masizi, si kukata alumini. Futa, toa kitambaa, vuta mabaki kwa mrija wa mashine ya kunyonya. Angalia kwa tochi: unataka duara la chuma kinachong'aa bila kovu jeusi linalokatiza kutoka ndani kwenda nje. Kovu la namna hiyo ni mfereji uliochimbwa na moto, na wosha peke yake haitaufunika.

Upande wa nozeli, ondoa wosha ya zamani na usugue uso unaokutana nayo. Matundu ya ncha yasiguswe na brashi ya waya. Mwilini, mbali na uso wa wosha na mbali na ncha, unaweza kupaka kiasi kidogo cha grisi ya kopa ili isigande. Wosha yenyewe ikae kavu. Tatizo dogo ni kwamba inadondoka njiani wakati unashusha nozeli. Wengine huitangulizia shimoni peke yake kwa fimbo nyembamba na kuhakikisha kwa tochi kuwa imelala chali, na njia hiyo inaaminika.

Mpangilio wa kukaza una maana. Nozeli iingie, klampu iwekwe na bolti yake ikazwe kwa vidole. Bomba la presha lifungwe pande zote mbili kwa mkono, ili koni yake ijitafutie katikati. Kisha klampu ikazwe kwa torki ya kitabu cha injini hiyo, ndipo nati za bomba zikazwe. Ukianza kwa kukaza klampu, nozeli inabaki imegeuka nyuzi chache, bomba linavutwa kwa nguvu, na koni inakaa upande. Toyota wanataka bomba libadilishwe nozeli inapobadilishwa. Huku mabomba hurudishwa, na kama utafanya hivyo, angalau kila moja lirudi kwenye silinda yake na koni isiyo na mkwaruzo wala mstari wa pili wa kukazwa.

Kabla ya kufunika, kagua bomba la marejesho. Kwenye injini hizi linapita ndani, chini ya tapeti kava, likishikwa kwa bolti zenye tundu na wosha zake. Likivuja, dizeli inadondokea kwenye oili kimyakimya. Wosha ziwe mpya, na bomba lipimwe kwa presha ndogo ya hewa likiwa limefungwa, kabla mfuniko haujarudi. Sili za mpira zinazozunguka nozeli kwenye mfuniko nazo ziwe mpya.

Halafu kodi. Nozeli nyingi za reli zina mfuatano wa herufi na tarakimu umechongwa kichwani, unaoieleza kontrol boksi (kompyuta ya injini) nozeli hiyo inapitisha kiasi gani hasa. Andika kila kodi na silinda yake kabla ya kufunga, au zipige picha, kwa kuwa baadaye hazionekani vizuri. Nozeli mpya iingizwe kodi yake kwa skana. Hata za zamani, ukihamisha ya silinda ya 1 kwenda ya 3, kodi nazo zihamishwe. Bila hivyo kontrol boksi inasahihisha kosa ambalo halipo tena hapo: injini inagonga ikiwa ya baridi, inatetemeka ikisimama, na fundi anaamini amenunua nozeli mbovu. Na usizijaribu nozeli hizi kwa kuzigusisha waya za betri. Zinaendeshwa kwa mapigo mafupi yanayopimwa na kontrol boksi, na umeme wa kudumu unaunguza koili.

Baada ya injini kuwaka

Iache inguruma bila kukanyagwa hadi feni ianze, kisha zunguka na gari lenye mzigo kidogo. Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi panatosha kwa mara ya kwanza. Rudi, fungua boneti ikiwa bado ya moto, pitisha tochi na pua. Kwa IST kazi inaishia hapo, pamoja na kusoma kodi kwa skana siku mbili tatu baadaye.

Kwa 1KD na 2KD, pima oili kwa kijiti kabla gari halijaondoka na uandike kilipo. Mwenye gari aelezwe apime kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, gari likiwa sehemu tambarare. Oili ikipanda juu ya alama, au kijiti kikinuka dizeli, gari lisiondoke hata kama linavuta vizuri. Tapeti kava ifunguliwe na bolti za bomba la marejesho zikaguliwe moja baada ya nyingine, halafu oili yote imwagwe.